UMASKINI WAPIMWA, MSHAHARA HAUPIMWI

Ndugu wafanya kazi wa Busia na Malaba,

Kila mmoja wetu aliyetumwa sokoni tangu utoto analijua jambo hili. Ukifika kwa mwuza mahindi, kabla ya kuuliza bei, wautazama kwanza mkebe wake wa gorogoro. Wapo wauzaji waaminifu, na wapo wengine walioligonga gorogoro kitako kikaingia ndani, hata likijazwa mpaka juu hupati kilo mbili zako. Bei yaweza kuwa nzuri sana, lakini kipimo kikiwa na kasoro umekwisha ibiwa.

Basi twataka kuzungumza nanyi juu ya kipimo kingine, yaani kile wanachopimiwa watu maskini. Kipimo hiki hutumiwa na Serikali, na Benki ya Dunia, na wafadhili, na wataalamu wa vyuo vikuu. Kwa kipimo hiki wao husema Busia ni maskini au si maskini, na umaskini umepungua au umeongezeka. Sisi tunaopimwa hatukuonyeshwa kitako chake. Leo tukitazame.

KUPIMWA TUMEPIMWA

Hakuna atakayesema kwamba tumesahauliwa katika kuhesabiwa. Mwaka 2015/16 Ofisi ya Takwimu ya Taifa ilipeleka makarani nyumba kwa nyumba katika nchi nzima. Ilionekana kwamba katika kila watu 100 wa Kenya, 36 walikuwa maskini. Katika kaunti yetu ya Busia, ambayo ndani yake imo Malaba, walikuwa 69 katika kila 100. Ni Turkana, Mandera na Samburu tu zilizotupita. Tena karibu watu 60 katika kila 100 wa kwetu hawakufikia hata kipimo cha chakula peke yake.

Tena walikuja wageni. Mwaka 1998 ulianza katika tarafa za Budalangi na Funyula mpango wa kuwapa watoto dawa za minyoo katika shule 75 za msingi, na wataalamu Michael Kremer na Edward Miguel kutoka Marekani wakafuata matokeo yake. Walitangaza kwamba siku za watoto kukosa shule zilipungua kwa robo. Mwaka 2019 Bwana Kremer na wenzake wawili, Abhijit Banerjee na Esther Duflo, walipewa tuzo ya Nobel ya uchumi kwa namna yao ya kuchunguza dawa za umaskini. Kwa hiyo sehemu ya heshima ile kubwa, inayotolewa kule Sweden, ilitoka katika madarasa ya Busia.

Hatuidharau kazi ile. Mtoto mwenye minyoo hawezi kusoma, na aliyempa dawa amefanya jema. Wachunguzi wakaendelea kuwafuata watoto wale, na miaka 20 baadaye wakaandika kwamba waliopewa dawa kwa miaka miwili au mitatu zaidi walikuwa wakipata katika kila saa ya kazi 13 kwa mia zaidi ya wenzao. Ni habari njema. Lakini mfanya kazi lazima aulize: 13 kwa mia ya nini? Ukiongeza 13 kwa mia juu ya ujira usiotosha, wapata ujira mwingine usiotosha. Mtoto alitibiwa, akasoma, akakua, akaenda kutafuta kazi kwenye yadi ya malori Malaba. Pale langoni alikutana na jambo ambalo dawa ya minyoo haiwezi kuliondoa, nalo ni bei ya jasho lake.

MSTARI UNAOHAMA

Tuwaeleze wenzetu jinsi kipimo hiki kinavyotengenezwa, maana si siri wala si uganga. Wapimaji huchora mstari. Aliye chini ya mstari huitwa maskini, na aliye juu yake hahesabiwi.

Mstari wa dunia nzima ulianza mwaka 1990, Benki ya Dunia iliposema kwamba fukara ni mtu anayeishi kwa dola moja kwa siku. Mwaka 2008 mstari ukawa dola 1.25, mwaka 2015 ukawa dola 1.90, mwaka 2022 ukawa dola 2.15, na mwezi wa Juni 2025 ukawa dola 3. Wenzetu wanaobadilisha fedha mpakani wasidanganyike: hii si dola ya mkononi. Ni dola ya hesabu, inayonunua hapa kwetu kiasi kile ambacho dola ingenunua Marekani. Kwa hiyo ukiigeuza kuwa shilingi za Kenya hupata shilingi chache sana kuliko zile anazokupa mbadilishaji.

Na kiasi cha mstari hutoka wapi? Benki hutazama mistari ambayo nchi maskini zenyewe zimejiwekea, ikachukua ule wa katikati. Nchi hizo zikipandisha mistari yao, na bei zikihesabiwa upya, mstari wa dunia nao hupanda. Ndivyo ilivyokuwa Juni 2025. Kabla ya siku ile ilisemwa kwamba mafukara wa dunia katika mwaka 2022 walikuwa milioni 713. Baada ya siku ile ikasemwa kwamba katika mwaka ule ule wa 2022 walikuwa milioni 838. Watu milioni 125 waliongezeka, na hakuna hata mmoja wao aliyepoteza sahani ya ugali siku hiyo. Mstari ndio uliohama.

Sisi wa mpakani jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1902 Waingereza waliukata mkoa wa mashariki wa Uganda wakautia katika nchi iliyokuja kuitwa Kenya. Wasamia na Wateso hawakuhama hata hatua moja. Walilala nchi hii wakaamka nchi nyingine, ndugu wakabaki ng'ambo.

Na hata leo mstari wa umaskini wabadilika ukivuka daraja la Malaba. Hesabu ya Serikali ya Uganda ya mwaka 2019/20 ilisema maskini ni 20 katika kila watu 100. Hesabu ya Serikali ya Kenya ya mwaka 2021 ilisema ni karibu 39 katika kila 100. Mtu akisoma hivyo atadhani ng'ambo ile kuna neema maradufu. Lakini Benki ya Dunia ilipowapima wote kwa mstari wake mmoja wa dola 2.15, maskini wa Uganda mwaka 2019 walipita 40 katika kila 100, na wa Kenya mwaka 2021 walikuwa kama 36. Aliyekuwa nyuma akatangulia! Sababu ni kwamba Uganda ilikuwa ikitumia mstari wa chini sana, uliotungwa katika miaka ya 1990. Mama anayevusha omena na ndizi kila asubuhi hana haja ya kusoma vitabu kulijua hili. Yeye huona njaa ile ile pande zote mbili za kizuizi.

Hatusemi kwamba kupima ni uongo. Daktari asiyepima hawezi kutibu. Twasema kwamba kila mstari umechorwa na mtu, kwa sababu zake, na aliyepimwa ana haki ya kuuliza.

KITAKO CHA GOROGORO

Sasa tuutazame mstari wa Kenya yetu. Mwaka 2021 Ofisi ya Takwimu ilisema kwamba mtu mzima wa shamba huwa maskini akitumia chini ya Sh. 3,947 kwa mwezi, na mtu mzima wa mjini akitumia chini ya Sh. 7,193. Fedha hizo ni za chakula pamoja na mahitaji mengine yote: kodi, mafuta ya taa, sabuni, nguo, shule, dawa. Ambaye matumizi yake yote hayafikii hata bei ya chakula peke yake ndiye fukara hasa.

Kwanza, hesabu hiyo ni ya "mtu mzima". Watoto huhesabiwa vipande. Mtoto wa miaka 5 mpaka 14 ni mtu mzima 0.65. Mtoto wa chini ya miaka 5 ni 0.24, yaani hafiki hata robo ya mtu. Kwa ugali huenda ni haki, maana mtoto mchanga hali kama mpagazi. Lakini muulizeni mama aliyempeleka mtoto hospitali usiku kama alilipa robo.

Pili, karani akija nyumbani huuliza mlikula nini katika siku 7 zilizopita. Mlichokula ndicho huhesabiwa, na hapo penye mahesabu ya umaskini haitengwi sahani iliyolipiwa na sahani ya mkopo. Ndugu zetu wangapi hula unga wa dukani kwa daftari la deni, wakingoja malipo? Aliyekula deni aonekana ameshiba. Mwenye duka ndiye anayejua ukweli.

Tatu, kipimo huuliza ulitumia kiasi gani, hakiulizi ulikipata kwa jasho gani. Mtu aliyeshusha magunia ya kilo 90 tangu alfajiri hata jioni akapata shilingi za kuufikia mstari, na mtu aliyezipata ameketi kivulini, hao ni sawa. Mgongo hauna safu katika karatasi zile.

TUPIGE HESABU YETU

Haya yote tungeyavumilia kama mstari huo, pamoja na kasoro zake, ungetumiwa mahali panapotuhusu zaidi. Tuchukue kalamu.

Mfanye kibarua mwenye mke, watoto wawili wa shule, na mmoja mchanga. Kwa hesabu ya Serikali yenyewe nyumba hiyo ni watu wazima 1 na 1 na 0.65 na 0.65 na 0.24, jumla 3.54. Wakikaa mjini, ili wasiwe maskini wahitaji 3.54 mara Sh. 7,193, yaani Sh. 25,463 kwa mwezi.

Sasa tutazame amri ya mishahara ya mwaka 2022, iliyotolewa na Serikali hiyo hiyo. Kibarua wa kawaida katika miji iliyokuwa manispaa, kama Busia, aliwekewa Sh. 14,025/40. Katika "sehemu nyingine zote", ambamo imo Malaba iliyokuwa na baraza la mji tu, aliwekewa Sh. 8,109/90. Tumwongezee na posho ya nyumba, shilingi 15 kwa kila mia. Wa Busia apata Sh. 16,129 na wa Malaba Sh. 9,326.

Gawanyeni kwa 3.54. Nyumba ya Busia yapata Sh. 4,556 kwa kila mtu mzima. Nyumba ya Malaba yapata Sh. 2,634. Mstari wa mjini ni Sh. 7,193! Wa Malaba haufikii hata mstari wa shamba. Ameupita mstari wa chakula cha mjini wa mwaka 2015/16, uliokuwa Sh. 2,551, kwa shilingi 83 tu, na bei za unga za mwaka 2015/16 hazikumngojea.

Angalieni vizuri. Hatusemi habari za mwajiri mwizi. Twasema habari za mwajiri aliyetii amri, akalipa kila senti, kila mwezi, bila kukosa. Mtu huyo hakuvunja sheria yo yote, na mfanya kazi wake ni maskini kwa kipimo cha Serikali. Mkono mmoja wa Serikali wachora mstari, na mkono wa pili wapanga mshahara chini ya mstari huo. Mikono hiyo miwili haijasalimiana.

Mtu atasema, "Mke naye afanye kazi." Vema. Mishahara miwili ya Malaba ni Sh. 18,652, na bado hazifiki 25,463. Na mtoto mchanga amelelewa na nani? Mwingine atasema, "Mwaka 2024 mliongezwa." Kweli, tuliongezwa shilingi 6 kwa kila mia. Kwa mtu wa Malaba ni kama Sh. 560 pamoja na posho. Pengo lake ni Sh. 16,137. Nyongeza hiyo haikufikia hata moja ya ishirini ya pengo, na hapo mstari tunaoutumia ni wa mwaka 2021, kabla bei hazijapanda. Tumempendelea mwajiri katika kila hatua ya hesabu hii, na bado ameshindwa.

TENA, KWA NINI MALABA IPEWE PUNGUFU YA BUSIA? Lori lililoshushwa ni lile lile, gunia ni lile lile. Mahindi hayaulizi kama mji wako zamani ulikuwa manispaa ama baraza.

JAMBO HILI SI JIPYA

Mwaka 1899 huko Uingereza, katika mji wa York, Seebohm Rowntree, mtoto wa tajiri wa kiwanda cha chokoleti, aliamua kuwapima maskini wa mji wake. Watu wenye shibe wa siku zile walikuwa wakisema kwamba umaskini ni ulevi na uvivu. Rowntree alipeleka makarani, akatangaza matokeo yake mwaka 1901. Katika wale waliokosa hata mahitaji ya mwili, sababu kubwa kuliko zote, zaidi ya nusu, haikuwa ulevi wala uvivu. Ilikuwa kwamba baba ana kazi ya kudumu, lakini mshahara ni mdogo. Basi aliyeanza kupima alikuta jibu, na jibu lilikuwa mshahara.

Hapa Kenya, mwaka 1954, kamati ya mishahara ya Waafrika iliyoongozwa na Bwana F. W. Carpenter ilitoa taarifa yake. Ilikiri kwamba karibu nusu ya wafanya kazi wa mijini katika kazi za watu binafsi hawakulipwa fedha za kutosha mahitaji ya lazima. Ilikiri pia kwamba mshahara wa chini ulikuwa umepimwa kwa mtu mmoja asiye na mke, kana kwamba Mwafrika alizaliwa peke yake na atakufa peke yake. Ikashauri mshahara upimwe kwa nyumba nzima, upandishwe polepole mpaka mara mbili na nusu ya ule wa bachela. Hao walikuwa wakoloni, nao hawakutupenda, lakini waliona. Leo, katika nchi yetu wenyewe, mshahara wa Malaba ukigawiwa mtu mmoja humvusha mstari, na ukigawiwa nyumba yake huwazamisha wote. Bado ni mshahara wa bachela.

MAJIBU TUNAYOYAJUA

Waajiri watasema kwamba mshahara ukipanda kazi zitakwisha. Jibu letu: Malaba ni mlango wa mizigo ya Uganda, Rwanda na Kongo. Kituo cha pamoja cha mpakani kilifunguliwa Busia mwaka 2018 na marais wawili wenyewe. Mlango huo hauwezi kuhamishwa kwenda mahali penye wapagazi wa bei rahisi. Mzigo lazima upite hapa, na mtu wa kuushusha lazima ale. Hata hivyo hatusemi pengo lote lizibwe kwa siku moja. Twasema litajwe, na uwekwe mwaka wa kulimaliza.

Watasema pia kwamba wengi wetu si watu wa mshahara wa mwezi, bali ni vibarua wa siku, waendesha boda boda, kina mama wa mitumba, na ndugu zetu walemavu wanaovusha mizigo kwa baiskeli za magurudumu matatu. Ni kweli, na hapo tujilaumu wenyewe, maana chama mara nyingi kimewasahau. Lakini mwuza mboga huuzia nani kama si mpagazi? Mpagazi akilipwa vibaya, boda boda hana abiria na mama hana mteja. Na kibarua wa siku ajue haki yake: Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 37, yasema kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo siku zisizopungua mwezi mmoja hahesabiwi tena kuwa kibarua wa siku. Ndiyo sababu wako wanaofukuzwa siku chache kabla ya mwezi kutimia, wakarudishwa kesho kutwa kama wageni.

TUNAYODAI

1. Kila amri ya mishahara ichapwe pamoja na mstari wa umaskini wa mwaka huo, na iandikwe wazi mshahara huo watosha watu wangapi.

2. Uwekwe mwaka ambao mshahara wa chini utaifikisha nyumba nzima kwenye mstari, wala si bachela.

3. Malaba na miji mingine iliyowekwa katika "sehemu nyingine zote" ipandishwe iwe sawa na Busia.

4. Ofisi ya Takwimu ikitangaza idadi ya maskini, itangaze na wangapi kati yao wana kazi, na wanalipwa kiasi gani.

KAZI YAKO, MWANACHAMA

Nunua daftari la shule. Kwa siku 30 andika siku ulizofanya kazi, magunia uliyobeba, fedha uliyopewa, bei ya gorogoro la mahindi, na deni la dukani. Asiyejua kuandika mtoto wake amwandikie. Mama wa nyumba asiachwe nje, maana yeye ndiye anayejua jinsi fedha ilivyokwisha. Kisha ulete daftari hilo katika tawi. Tukiwa na madaftari mia, hatutakwenda mbele ya waajiri na vilio, tutakwenda na hesabu, na hesabu hizo zitakuwa zimepigwa na wenye njaa wenyewe.

Haba na haba hujaza kibaba, ndugu zetu. Lakini kwanza hakikisheni kibaba chenyewe hakikugongwa kitako.

UMOJA NI NGUVU.